Alikuja na nyumba

BARUA

Shikamoo Bi Mkubwa,

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Reading, Uingereza, huu mwaka wa saba. Kazi yangu ni kulea wazee majumbani mwao. Kwa miaka mitatu na nusu nilimlea bibi mmoja mpaka alipofariki Februari hii akiwa na miaka 91. Hakujaliwa mtoto. Baada ya mazishi mpwa wake aliniita, akaniteremshia picha iliyokuwa ukutani juu ya ngazi. Akasema, "Chukua wewe, ndiye uliyekuwa ukimpangusa vumbi."

Ni mwanamke aliyechorwa kwa penseli, ukubwa wa daftari la shule. Nywele zimegawanywa katikati, misokoto imening'inia masikioni, na kofia ya kitambaa chepesi imefungwa kwa utepe chini ya kidevu. Mashavu yametiwa rangi ya waridi kidogo sana. Chini kulia pana maandishi madogo: "E.M. del. 1841". Karatasi ina madoa ya kahawia kama mabaka, na kuizunguka picha kuna mstari wa kahawia kama mpaka.

Mpwa alikuwa ameshaichana karatasi ya nyuma kuangalia kama kuna kitu kimefichwa. Ndani mna kipande cha gazeti kinachovunjikavunjika, na nyuma imebaki nusu ya lebo ya duka la fremu. Yanasomeka "iar Street" na chini yake namba ya simu ya tarakimu tatu. Nilipoiinua picha na kuimulika kwa tochi ya simu, ndani ya karatasi nikaona "TMAN", halafu "EY MILL", halafu "1838".

Nilimuuliza bibi mara nyingi huyu ni nani. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Alikuja na nyumba." Na kila asubuhi nilipokuwa nikimshusha ngazi alikuwa akimsalimia.

Je, E.M. ndilo jina lake? Madoa niyatoe vipi? Rafiki yangu anasema nimsugue kwa mkate. Mwakani narudi nyumbani kwa moja, naweza kwenda naye Tanga? Na mama yangu ananiuliza kwa nini nitundike picha ya mtu nisiyemjua, nami sina jibu.

Mlezi, Reading

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Kumshika mtu mkono kwenye ngazi kila asubuhi kwa miaka mitatu na nusu si jambo dogo, na nafurahi kwamba huyo mpwa aliliona.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kisha nikarudi kwenye yale maneno matatu ya bibi. Mengine yote nitakueleza, lakini hili lishike kwanza maana lina haraka: marehemu hakuacha mtoto, basi nyumba huenda ikauzwa. Mwendee mpwa wiki hii. Muulize bibi aliingia lini humo, alinunua au alirithi, na kutoka kwa nani. Muombe hati za zamani za nyumba kama zipo sandukuni au kwa wakili, akuruhusu uzipige picha hata kwa simu. Hati za namna hiyo mara nyingi hutupwa nyumba ikishasajiliwa upya serikalini, na zikishatupwa hakuna wa kumuuliza. Mimi naamini bibi alikuwa akikujibu kikamilifu. Alikuta picha ukutani, akaiacha ukutani, akaizoea. Kwa hiyo wa kuulizwa ni ile nyumba, na nyumba za Uingereza zina kumbukumbu nzuri kuliko watu wake.

Utafutaji unaanza na mtaa na namba ya mlango. Waingereza wamehesabu watu kwa majina kila baada ya miaka 10 tangu 1841. Sensa ya 1921 ilifunguliwa kwa umma Januari 2022. Ya 1931 iliteketea kwa moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita, lakini pengo hilo linazibwa na daftari la Septemba 1939, walipoandikisha watu nyumba kwa nyumba ili wapewe vitambulisho. Humo utamkuta aliyekuwa akiishi hapo, kazi yake, na tarehe yake ya kuzaliwa. Panda nyuma kutoka 1939 kwenda 1921, 1911, 1901. Nyumba ya kuhifadhi hati za zamani za jimbo la Berkshire iko hapohapo Reading, na wahudumu wa mahali kama hapo huwa wanafurahi mtu akija na anwani kamili mkononi.

Ukikutana na ukoo ambao jina lake linaanza na M, simama hapo uchimbe. Usipokutana nao usikate tamaa. Picha kama hizi hurithiwa sana na watoto wa kike, na binti wa Kiingereza akiolewa alikuwa akibadili jina la ukoo. Picha inabaki ukutani, jina linaondoka na harusi. Ndiyo maana nakwambia utazame na vyeti vya ndoa: England na Wales zilianza kuandikisha ndoa kiserikali Julai 1837, na cheti kwa kawaida kinamtaja baba wa bibi harusi. Kwa vyeti viwili vitatu unaweza kupanda mpaka kwa nyanya ya nyanya.

Sasa E.M. Pole, hizo si herufi za huyo mama. Yale maandishi "del." ni ufupisho wa neno la Kilatini delineavit, maana yake "amechora". E.M. ndiye aliyeshika penseli. Watu wengi wamepotea hapo, na nimeshaona picha zimeandikwa kwa wino kwenye fremu jina ambalo kumbe ni la mchoraji. Wewe umepata jina la nusu, lakini la mtu wa upande wa pili wa meza.

Herufi ulizoziona ndani ya karatasi ndizo zilizonifanya niinuke kitini. Ukizijaza zinasomeka J WHATMAN TURKEY MILL 1838. Hiyo ni alama ya maji, kama ile ya kwenye noti. Turkey Mill ilikuwa kiwanda cha karatasi karibu na Maidstone, Kent, na karatasi yenye jina la Whatman ilikuwa ikitafutwa na wachoraji wa Ulaya nzima kwa uso wake laini usio na mistari. Mwaka ukaingia kwenye alama kwa sababu ya sheria ya kodi ya 1794: aliyetaka kurudishiwa ushuru wa karatasi anayoiuza nje ilibidi aonyeshe mwaka wa kutengenezwa. Sharti hilo lilikuja kuondolewa, lakini watengenezaji wakubwa waliendelea na desturi yao.

Alama ya maji inakupa mpaka wa chini tu. Karatasi ya 1838 haiwezi kuchorwa 1830, ila inaweza kukaa kabatini na kuchorwa 1890. Jina la Whatman lenyewe lilighushiwa sana nchi za bara la Ulaya. Hapa lakini mambo matatu yanakubaliana: karatasi ya 1838, mkono uliotia 1841, na mavazi. Mikono ya nguo iliyofura mabegani kama mito ilikuwa fasheni ya miaka ya 1830, na ikaporomoka ghafla kama 1836. Katika picha uliyonitumia bega la huyu mama ni laini, linashuka. Nywele za kugawanywa katikati zenye misokoto masikioni ni za miaka ya 1840. Na kofia ile ya ndani ya nyumba yenye utepe, wakati huo ilivaliwa zaidi na wanawake walioolewa au waliovuka ujana. Kwa hiyo mimi namweka kuwa mke wa mtu, au shangazi mtu mzima, aliyekaa mbele ya E.M. mwaka 1841 kama ilivyoandikwa.

Mwaka huohuo, mwezi Machi, Richard Beard alifungua London studio ya kwanza ya picha za kamera nchini Uingereza. Mfaransa Daguerre alikuwa ametangaza ufundi wake wa picha za kamera Paris mwaka 1839. Nakuomba uupime mwaka huo vizuri. Kabla yake, aliyetaka uso wa mkewe au mamake ubaki alihitaji mkono wa mtu. Matajiri walikuwa na rangi za mafuta, wa kawaida walikuwa na penseli. Hata mchoraji mkubwa kama Ingres wa Ufaransa, dola ya Napoleon ilipoanguka 1815 na wateja wake wakaondoka Rome, alijilisha kwa kuchora kwa penseli watalii, Waingereza wengi wao. Huyu wako ni wa mwisho mwisho wa safu hiyo. Baada ya miaka 20 hivi familia kama yake zilikwenda kwa mpiga picha.

Lebo sasa. Friar Street ipo Reading kweli, lakini ipo Worcester pia, kwa hiyo usiapie. Kinachonivutia mimi ni ile namba ya simu. Mwaka 1841 simu haikuwapo duniani. Lebo hiyo ni ya zama za simu, kwa hiyo fremu iliyopo, au angalau mgongo wake, ilifungwa upya miongo mingi baada ya mchoro. Ule mstari wa kahawia unaozunguka picha unasema hivyohivyo. Umetokana na kadibodi iliyokatwa dirisha, ile inayokaa kati ya mchoro na kioo. Ukitazama ukingo wa dirisha lake utaona ni wa kahawia kama maganda ya muhogo uliochomwa. Hiyo ni kadibodi ya massa ya mti, na ufundi wa kutengeneza karatasi kwa mti uliosagwa ulianza Ujerumani miaka ya 1840 na kuenea baadaye. Kadibodi hiyo ina asidi, na asidi inatambaa polepole kuingia kwenye karatasi njema ya matambara ya Turkey Mill. Gazeti linalovunjikavunjika lina ugonjwa huohuo.

Lakini hilo gazeti usilitupe! Tia kila kipande kwenye bahasha. Tangazo moja la dukani, tarehe moja kwenye kona, jina la mji, vitakuonyesha picha ilifungwa lini na wapi. Na kwa jina la mtengeneza fremu, National Portrait Gallery ya London ina orodha kwenye mtandao wake ya mafundi fremu wa Uingereza wa zamani pamoja na anwani zao, bila malipo. Tafuta Friar Street humo. Ukipata duka, na miaka yake ikalingana na aliyekuwa akiishi kwenye ile nyumba, umeshashika ncha ya uzi.

Nisimulie kwa nini nalilia mgongo wa picha. Mwaka 1989 nilikuwa mwanafunzi wa fremu katika karakana moja hapa Mombasa. Mzee mmoja alileta picha ya penseli ya mamake, mgongo wake umeliwa na mchwa. Fundi wangu hakuwapo. Nikabandua mbao na karatasi ya nyuma, nikazitupa kwenye pipa la kuchomea takataka, nikasafisha kioo, nikapiga mgongo mpya mzuri. Mzee alipokuja aliigeuza picha kabla hata hajaitazama mbele. Akauliza, "Na maandishi ya baba yangu yako wapi?" Babake alikuwa ameandika pale jina la mkewe, jina la babake mkewe, kijiji, na siku waliyofunga ndoa. Mzee hakugomba. Alilipa, akaondoka na picha kwapani. Mimi nimefungua migongo ya fremu miaka 33 baada ya siku ile na hakuna hata mmoja niliouondoa bila kuusoma mstari kwa mstari na kuupiga picha.

Kuna jambo jingine ulilotaka kujua bila kuuliza, nalo ni kama huyu mama alikuwapo kweli. Wasichana wa nyumba za Kiingereza walifundishwa kuchora kwa kunakili picha zilizochapwa, na vichwa vingi vya penseli vya karne ya 19 ni nakala za namna hiyo: nyuso nzuri za watu ambao hawakuwahi kukaa kwenye kiti chochote. Nakala huwa haina wasiwasi. Mistari inakwenda moja kwa moja kwa sababu jibu liko mbele ya mchoraji. Nimeikuza picha yako kwenye kompyuta nikakaa nayo usiku mzima. Tazama bega la kushoto: pana mistari miwili. Wa kwanza uko juu, umefifizwa, wa pili umeshuka karibu upana wa kidole. E.M. alikosea bega, akalirekebisha. Tazama utepe chini ya kidevu: kitanzi kimoja kimechorwa, kingine kimeachwa nusu, kama mtu aliyetikisa kichwa kikapotea. Uso umefanyiwa kazi mpaka kwenye kope, nguo imepitiwa kwa haraka, na mikono haipo. Mikono ni migumu, wanafunzi huikimbia. Jicho la kulia liko juu kidogo kuliko la kushoto, na hilo hakuna mchapishaji angelikubali kwenye kitabu cha kufundishia. Kwa imani yangu, huyu alikaa kwenye kiti, na aliyemchora alikuwa mtu wa nyumbani aliyempenda kuliko alivyojua kuchora.

Hakikisha pia kwamba ni penseli na si chapa. Iinamishe picha dirishani. Kinywe, yaani ule weusi wa penseli, kinameta kama fedha mwanga ukija kwa ubavu, wino wa chapa haumeti. Kinywe ni hikihiki kinachopatikana kwetu Mahenge, mkoa wa Morogoro. Waingereza walikipata Borrowdale, kaskazini mwa nchi yao, katika karne ya 16, kikiwa safi kiasi cha kukatwa vijiti kwa msumeno. Wafaransa walipokuwa vitani nao wakakikosa, na mwaka 1795 Conté akapata hati ya ufundi wa kuchanganya unga wa kinywe na udongo na kuuchoma tanuruni. Penseli zote tunazotumia leo ni watoto wa ufundi huo. Usimlipe mtu atakayekwambia kwa kutazama tu kwamba mchoro wako ni wa kinywe cha Borrowdale, hilo halionekani kwa macho.

Jina usimpe mpaka nyumba imekwambia. Najua hamu hiyo. Windsor, kwenye hazina ya michoro ya wafalme wa Uingereza, kuna michoro ya Hans Holbein ya watu wa baraza la Henry wa Nane. Hiyo ni ya chaki. Majina yaliandikwa juu yake baadaye kwa kufuata kumbukumbu ya mtu mmoja, na mchoro mmoja umeandikwa Anne Boleyn, mke wa pili wa mfalme huyo. Wataalamu wanabishana hadi leo kama ndiye. Jina likishaandikwa halifutiki kichwani mwa watu, na aliyekaa kwenye kiti kweli anapotea mara ya pili. Wewe andika unachokijua na uandike kwamba ndicho unachokijua.

Madoa. Usiguse. Yale mabaka ya kahawia huletwa na unyevu, kuvu na chembe za chuma ndani ya karatasi, na dawa ya kuyang'arisha inaweza kula karatasi yenyewe. Maji ndiyo kabisa usifikirie, maana ile rangi ya waridi mashavuni ni rangi ya maji, tone moja litamfuta uso. Mkate ni kweli wachoraji waliutumia: nyama ya mkate ndiyo ilikuwa raba yao kabla Waingereza hawajagundua, mwaka 1770, kwamba utomvu mkavu wa mpira unafuta penseli. Ukifuta utafuta na yeye, na chembe zitakazobaki zitaita wadudu. Kitu kimoja tu nakutaka ufanye, nacho ni kuitoa ile kadibodi ya kahawia. Mpelekee fundi wa kuhifadhi karatasi, umwambie unataka kadibodi isiyo na asidi mbele na nyuma, mchoro ushikwe kwa vipande vidogo vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga. Pasiwe na selotepu popote kwenye mchoro. Kadibodi ya zamani na lebo akurudishie wewe kwenye bahasha, mwambie kabla hajaanza.

Tanga unaweza kwenda naye. Kinywe hakipauki kwa jua, ila karatasi na ile rangi ya mashavu vinadhurika, kwa hiyo asitazamane na dirisha. Adui wake kwetu ni unyevu. Ukipita asilimia 65 kwa muda mrefu kuvu huamka, na wewe unaujua mwezi wa Aprili wa Tanga. Mtundike kwenye ukuta wa ndani ya nyumba, usiwe ule unaopigwa na mvua, usiwe wa bafuni wala wa jikoni. Bandika vipande vya kizibo nyuma ya pembe za fremu ili hewa ipite kati yake na ukuta. Kila kaskazi inapoanza mshushe, umgeuze, utazame kama pana mchwa au unga wa mbao. Kwenye ndege akae nawe, usimtie kwenye sanduku la chini, na kioo ukipige selotepu kwa juu mistari ya kukatana, ili kikivunjika kisimkate.

Mama mwambie hivi: huyo mwanamke alisalimiwa kila asubuhi na mzee uliyemlea, ukiwepo, umemshika mkono. Hiyo ni sehemu ya picha kama ilivyo penseli. Na mtu akikuuliza ni nani, una la kusema tayari: alichorwa na E.M. mwaka 1841 kwenye karatasi ya Kent, akatundikwa juu ya ngazi katika nyumba ya matofali Reading, mtaa fulani, namba fulani, akapewa binti wa Tanga. Liandike hilo kwenye karatasi isiyo na asidi, pamoja na jina kamili la bibi, tarehe aliyofariki, na jina lako. Tumia penseli laini, kalamu ya wino itavuja. Libandike ndani ya mgongo mpya, uache nafasi chini.

BARUA

Bi Mkubwa, nina picha ya penseli ya mwanamke aliyejifunika ushungi, amevaa mikufu mingi. Aliyemuuzia marehemu baba alimwambia ni Sayyida Salme. Nitajuaje?

Msomaji, Unguja

JIBU

Kila mwaka napata barua mbili tatu za Sayyida Salme, na naelewa kwa nini. Binti wa Sayyid Said aliyezaliwa Mtoni 1844, akaondoka kwa meli ya Kiingereza 1866, akaolewa na Mjerumani, akaandika kumbukumbu zake zikachapishwa 1886, nani asiyemtaka ukutani? Lakini nyuso za penseli zenye jina lake nyingi zimenakiliwa kutoka picha zake za kamera, zile alizopigwa na mavazi ya Kiarabu baada ya kufika Hamburg. Weka picha yako kando ya hizo. Kama kichwa kimeinama vilevile, mikunjo ya ushungi ni ileile na mkufu unaanguka mahali palepale, basi mchoraji alikuwa na picha ya kamera mbele yake, na anaweza kuwa alichora wakati wowote kuanzia hapo hadi juzi. Chukua kioo cha kukuzia: ukiona vitone vidogo vilivyopangwa safu, hiyo ni chapa ya kiwandani. Kama si hivyo wala vile, igeuze, uniandikie kilichoko nyuma. Tafadhali usiandike jina juu yake kwa sasa.

BARUA

Assalamu alaykum. Picha ya penseli ya bibi yangu, aliyochorwa Mombasa kabla hatujahamia Muscat, imeanza kuacha weusi kwenye kioo. Kaka anataka kuipulizia dawa ya nywele ili ishike.

Msomaji, Muscat

JIBU

Waalaykumu ssalaam. Mzuie kaka. Dawa ya nywele itageuka njano na kunata, na haitoki tena. Weusi unakuja kwa sababu kioo kinagusa karatasi. Mwambie fundi atie kadibodi ya dirisha yenye unene wa milimita 3 au 4 kati yao, na asiipangushe picha yenyewe kwa kitambaa hata kidogo. Kioo cha zamani, kabla hakijaoshwa, kiweke juu ya karatasi nyeupe ukipige picha. Mara nyingine uso wote huwa umejinakili pale.